Kombe na Kibaba: Wimbo wa Kiswahili mbele ya Waamuzi na mbele ya Wapenzi wake

1. Utangulizi

Katika uhakiki wa nyimbo tumezoea kuuliza mambo mawili: wimbo unasema nini, na unasemaje. Jambo la tatu, yaani wimbo unapendwa na nani na kwa muda gani, huachiwa watangazaji wa redio na wauzaji wa muziki. Makala haya yanakusudia kulirudisha jambo hilo la tatu mbele ya mhakiki. Mfano mkuu tutakaoutumia ni "Haba Haba", wimbo ulioimbwa na Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi, kwa niaba ya Norwei katika shindano la nyimbo la Eurovision la mwaka 2011. Huo ndio wimbo wa kwanza uliokifikisha Kiswahili katika jukwaa lile.

Msomaji ana haki ya kuuliza: shindano la Wazungu linatuhusu nini sisi wa Haut-Lomami? Jibu linaanzia Luena, mji wa makaa ya mawe uliopo kwenye njia ya reli kati ya Tenke na Kamina. Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi mmoja aliyezaliwa huko alitaka kuandika kazi yake ya kumaliza masomo juu ya nyimbo ambazo wazee wa migodi na wa reli wanazitaja kuwa bora kuliko zote walizopata kuzisikia. Alikuja na orodha mbili. Ya kwanza aliikusanya mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Ya pili ilikuwa ya nyimbo ambazo washabiki wa Eurovision huzitaja tena na tena kuwa bora za nyakati zote. Alikusudia kuzilinganisha. Walimu walimjibu kwamba kupendwa si kigezo cha kitaalamu. Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wa waliojibu hivyo. Haya yanayofuata ni jibu la pili, ambalo limechelewa.

2. Kombe na mapenzi

Shindano la Eurovision lilianza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, kwa nchi 7. Kwa miongo minne ushindi uliamuliwa na majopo ya waamuzi. Kura za simu za watazamaji zilijaribiwa katika nchi chache mwaka 1997, zikaenea mwaka uliofuata. Tangu mwanzo, basi, hukumu ya usiku wa shindano na hukumu ya hadhira iliyobaki nyumbani zilikuwa mambo mawili mbalimbali.

Ushahidi mzuri wa tofauti hiyo ni sherehe iliyofanyika Copenhagen mwezi Oktoba 2005, kwa ajili ya miaka 50 ya shindano. Nyimbo 14 zilipambanishwa ili kupata iliyo bora kuliko zote. Wa kwanza ulikuwa "Waterloo" wa kundi la ABBA, ulioishindia Uswidi mwaka 1974. Hapo kombe na mapenzi vilikubaliana. Lakini wa pili ulikuwa "Nel blu, dipinto di blu" wa Domenico Modugno, ambao watu wengi huuita "Volare". Wimbo huo, uliposhindana mwaka 1958 mjini Hilversum, ulishika nafasi ya tatu tu. Nyimbo mbili zilizoupita usiku ule leo zinajulikana na wachache sana nje ya wanahistoria wa shindano.

Mifano ya namna hiyo ni mingi. Mwaka 1967 Vicky Leandros aliiwakilisha Luxembourg kwa "L'amour est bleu" akawa wa nne. Mwaka uliofuata wimbo huohuo, ukipigwa na okestra ya Paul Mauriat bila neno hata moja la kuimbwa, ulifika kileleni mwa orodha ya Marekani. Mwaka 1968 Cliff Richard alishindwa kwa pointi 1 tu, na bado wimbo wake "Congratulations" ukaendelea kuimbwa, na jina lake ndilo lililopewa ile sherehe ya 2005.

Kutokana na hayo tunaweza kusema kwamba kombe hupima usiku mmoja, na mapenzi hupima miaka. Hata hivyo, ni lazima tujihadhari. Mapenzi nayo yana wenyewe. Waliopiga kura mwaka 2005 walikuwa watazamaji, pamoja na majopo ya waamuzi, wa nchi za Ulaya zilizorusha sherehe ile, na nyimbo walizozikumbuka ni zile ambazo redio na kampuni za sahani ziliwakumbusha. Tuchukue mfano wa Moroko, nchi pekee ya Afrika iliyowahi kushiriki. Mwaka 1980 Samira Bensaïd aliimba kwa Kiarabu, akawa wa 18 kati ya 19. Katika orodha za wapenzi wa Ulaya jina lake halionekani juu. Lakini mwimbaji huyohuyo, kwa jina la Samira Said, alihamia Misri na kuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa nchi za Kiarabu. Wapenzi wake walikuwapo, ila hawakuwa wapiga kura wa shindano lile. Kwa hiyo kila orodha ya "nyimbo bora za nyakati zote" inabidi iulizwe swali moja kabla ya mengine: nyakati za nani?

3. Sauti zisizo na maana, na maana zisizosikika

Mwanaisimu anayezipitia nyimbo zilizoshinda hawezi kukosa kuona jambo moja la ajabu. Nyingi kati ya zile zinazokumbukwa zina majina ya silabi zinazojirudia: "La La La" ya Hispania (1968), "Boom Bang-a-Bang" ya Uingereza (1969), "Ding-a-dong" ya Uholanzi (1975), "Diggi-Loo Diggi-Ley" ya Uswidi (1984). Sababu si ngumu kuieleza. Hadhira inayosema lugha nyingi haiwezi kuimba pamoja maneno isiyoyajua, lakini inaweza kuimba pamoja silabi wazi zenye konsonanti nyepesi. Kiitikio cha aina hiyo hakidai tafsiri.

Hali hiyo ilikuzwa na sheria za shindano lenyewe. Kuanzia 1966 kila nchi ililazimika kuimba kwa lugha yake. Sharti hilo likaondolewa 1973, likarudishwa 1977, na hatimaye likafutwa 1999. Tena, "lugha yake" nchi haikuwa neno safi. Mwaka 1968 Joan Manuel Serrat alitaka kuiimba "La La La" kwa Kikatalani. Alikataliwa, nafasi yake akapewa Massiel, akaimba Kihispania akashinda. Wimbo ambao jina lake ni silabi tupu ulikuwa umebeba ugomvi mzito wa lugha.

Mfano unaotufaa zaidi ni "A-Ba-Ni-Bi", wimbo wa Izhar Cohen ulioishindia Israeli mjini Paris mwaka 1978. Masikioni mwa mgeni ni silabi za kuchezea. Mwenye Kiebrania anajua kwamba hiyo ni lugha ya siri ya watoto, ambamo kila silabi hurudiwa kwa kutiwa sauti ya "b". Sisi tuna mchezo wa jamii hiyo, yaani kinyume, ambamo silabi za neno hugeuzwa ili wakubwa au wageni wasielewe. Wimbo mmoja, basi, ulikuwa na hadhira mbili: moja ikapata mlio, nyingine ikapata mlio pamoja na kumbukumbu ya utoto. Ni katika mwanga huo tunapendekeza "Haba Haba" isomwe.

4. "Haba Haba" jukwaani

Methali yenyewe haihitaji kuelezwa kwa wasomaji wa jarida hili: haba na haba hujaza kibaba. Ila umbo lake lastahili kuangaliwa upya. Neno "haba" limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya punje. Kwa asili yake, basi, methali inatuonyesha mtu anayepima nafaka punje kwa punje mpaka kipimo kinajaa. Kiambishi "hu-" kinaiondoa kazi hiyo katika wakati wowote maalumu na kuifanya kuwa desturi ya daima. Na sauti "-aba" inarudi mara tatu, kila mara mwishoni mwa neno, kana kwamba mkono wa mpimaji unarudi kwenye gunia.

Mwandishi alipousikia wimbo kwa mara ya kwanza alikasirishwa na jina lake. Imekwenda wapi "na"? Alidhani kwamba methali imekatwa ili kumfurahisha Mzungu. Baada ya kufikiri zaidi, hukumu hiyo haisimami. Kuondoa kiunganishi kunaigeuza sentensi ya uunganishi kuwa uradidi, na uradidi katika Kiswahili una kazi yake ya kisarufi: moja moja, pole pole, kidogo kidogo. "Haba haba" ni namna ya kutenda, na maana ya methali haikupotea. Papo hapo jina limepata umbo lilelile ambalo hadhira ya Eurovision imelizoea tangu "La La La". Kwa upande wa fani, hili ni fanikio. Neno limeingia katika mlango wa wageni bila kuvua nguo zake.

Maudhui nayo yanalingana na methali. Bibi anamfundisha mjukuu wake asidharau kilicho kidogo, na mjukuu, akiwa mtu mzima, anatambua kwamba maneno yale yamembeba. Kuna kejeli kidogo pia, labda bila kukusudiwa: methali ya subira inaimbwa katika shindano ambalo sheria yake haimpi mwimbaji zaidi ya dakika 3.

Udhaifu wa wimbo hauko katika sarufi. Uko katika mgawanyo wa kazi kati ya lugha mbili. Sehemu kubwa ya masimulizi imepewa Kiingereza: ndani yake msichana anakua, anaota, anafanya kazi. Kiswahili kimepewa kiitikio, yaani sauti ya bibi. Lugha moja inatembea na nyingine imeketi kibarazani. Mgawanyo huu tunaujua vizuri hapa kwetu. Mara ngapi tumesikia wimbo ambamo Kifaransa kinasema habari za elimu, mapenzi ya mjini na safari, huku Kiswahili au Kiluba kikiitwa mwishoni kwa ajili ya methali na machozi? Lugha inayoitwa kutoa hekima peke yake iko karibu na kuwekwa katika makumbusho. Haitoshi kufurahi kwamba Kiswahili kilisikika Düsseldorf. Tuulize pia kilipewa kusema nini.

Sasa mapokezi. Februari 2011 wimbo ulishinda mchujo wa taifa wa Norwei, nchi ambayo Kiswahili si lugha ya kitongoji chake hata kimoja, na ukafika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya nchi hiyo. Tarehe 10 Mei, katika nusu fainali ya Düsseldorf, ulipata pointi 30, ukawa wa 17 kati ya nchi 19, na haukufika fainali. Kombe la mwaka ule lilikwenda Azabajani. Kwa kipimo cha kombe, habari imekwisha. Kwa kipimo cha pili, bado haijaisha, kwa sababu kila inapotajwa habari ya lugha zilizopata kusikika katika shindano lile, wimbo huu hutajwa, na mtu asiyejua neno jingine la Kiswahili anaweza kulitamka jina lake bila kosa. Hilo si dogo, ingawa si lote tunalolitaka.

5. Kutoka Düsseldorf kurudi Katanga

Pengine itadhaniwa kwamba tatizo la waamuzi wa mbali na wapenzi wa karibu ni la Ulaya. Historia ya muziki wa Katanga inaonyesha kwamba tulikutana nalo kabla hata ya Eurovision kuzaliwa. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki aliyefanya kazi zake Afrika ya Kusini, alimrekodi mjini Jadotville, yaani Likasi ya leo, kijana aliyeitwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Wimbo wake "Masanga" ulipewa tuzo ya kwanza ya Osborn, iliyotolewa na African Music Society kwa ajili ya muziki bora wa Kiafrika. Waamuzi walikuwa mbali na Katanga kama vile walivyokuwa wale wa Düsseldorf mbali na Nairobi. Safari hii walimpa mtu wetu ushindi.

Je, "Masanga" imeishi kwa sababu ya tuzo? Tuzo na sahani ziliusafirisha, hilo halina ubishi. Baadaye Bosco alikaa Nairobi kwa muda, akasikika redioni, na mwaka 1969 alipiga gitaa lake katika tamasha la Newport huko Marekani. David Rycroft aliuchambua upigaji wake katika jarida la African Music miaka ya 1961 na 1962. Lakini kilichouweka wimbo hai ni vidole vya watu wengine. Wapiga gitaa wa Katanga, wa Zambia na wa Kenya waliuchukua kama mtihani: asiyeweza kuipiga "Masanga" kwa kidole gumba na cha shahada hajawa mpigaji. Walijifunza mpangilio wa vidole kuliko maneno. Bosco alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia, na mtihani wake unaendelea kufanywa.

Katika orodha iliyokusanywa Luena jina la Mwenda wa Bayeke lilirudi mara nyingi, pamoja na majina ya Edouard Masengo na Losta Abelo. Hakuna mzee hata mmoja aliyeitaja tuzo. Mmoja wao, mstaafu wa reli, alipoulizwa kwa nini alichagua wimbo fulani, hakusema kwamba ni mzuri. Alisema kwamba wimbo huo ndio uliopigwa kwenye kilio cha kaka yake, na ndio ambao mwanawe aliukosea kila siku mpaka akaupata. Akamwuliza mwanafunzi: wakikupa kombe leo, nani atauimba wimbo wako ukiisha kufa? Swali hilo lilikuwa katika daftari ambalo sisi walimu tulilirudisha.

Lugha ya nyimbo hizo ni jambo jingine ambalo jopo lingelipuuza. Ni Kiswahili cha Katanga, chenye "batoto" pale ambapo vitabu vina "watoto", na chenye maneno ya Kifaransa na ya lugha zetu za nyumbani. Neno "haba" lenyewe, kwa masikio ya Luena, ni neno la kitabuni; sisi husema kidogo kidogo, na sokoni unga wetu hupimwa kwa meka, wala si kwa kibaba. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba Kiswahili chake ni kosa tupu ataiheshimu methali ya pwani iliyofika Ulaya, na ataona aibu kuandika wimbo wa baba yake. Hasara hiyo haionekani katika mitihani yetu.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kupendwa kwa wimbo kunaweza kuchunguzwa kwa utaratibu, na kwamba uchunguzi huo unafichua mambo ambayo uchambuzi wa maneno peke yake hauyafikii. Tunapendekeza maswali matatu kwa yeyote atakayeifanya kazi hiyo. Kwanza, ni nani, mbali na mwenye wimbo, anayeuimba au kuupiga, na katika shughuli gani? Pili, wimbo umeipa kila lugha iliyomo kazi gani: ipi inasimulia, ipi inapamba? Tatu, wanaoupenda wamehesabiwa na nani, na ni nani aliyeachwa nje ya hesabu?

Kwa maswali hayo, "Waterloo" ina majibu, "Volare" ina majibu, na "Haba Haba" ina majibu mazuri katika swali la kwanza na dhaifu katika la pili. "Masanga" inasimama imara kwa swali la kwanza. Orodha ya Luena ingeweza kutujibu la tatu.

Atakayepinga atasema kwamba kwa njia hii kila kinachopendwa kitaingia chuoni, hata kilicho duni. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kuchunguza mapenzi ya watu hakumlazimishi mhakiki kuyakubali; tumeupenda wimbo wa Stella Mwangi na hatukunyamaza juu ya kasoro yake. Kitu kisichokubalika ni kukataa kusikiliza kabla ya kuhukumu.

Yule mwanafunzi hatimaye aliandika juu ya viambishi vya wakati katika Kiswahili cha Katanga. Kazi yake ilipata alama nzuri, na mwandishi wa makala haya ndiye aliyeisimamia. Daftari la Luena bado analo. Mstaafu wa reli amekwisha kufariki, na wenzake waliobaki ni wachache. Tunaomba kitengo chetu kikubali, kuanzia mwaka ujao wa masomo, mada za aina hii kwa kazi za kumaliza masomo. Mwandishi yuko tayari kusimamia ya kwanza, na ameshamwandikia mwenye daftari kumwuliza kama angependa kurudi.